Baba Nizwa, Wana Jabrin na Mombasa

Mtoto yeyote aliyesomea Mombasa amepelekwa Fort Jesus na mwalimu wake, akaambiwa kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na kwamba Waarabu wa Omani waliitwaa tarehe 13 Desemba 1698 baada ya kuizingira tangu Machi 1696. Hapo somo hukatika. Hao Waomani walikuwa watoto wa nani? Walikuwa na nini kwao hata wakaweza kumtoa Mreno ndani ya kuta zile zilizokalia mwamba wa matumbawe? Hatuambiwi, na somo likiachwa hivyo Waomani huonekana kama watu waliozuka baharini pamoja na merikebu zao.

Majibu yamesimama hadi leo katika mkoa wa Dakhiliya, nyuma ya milima ya Hajar. Kutoka Maskati ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, na anayeamka alfajiri huweza kuona ngome tatu na kijiji kimoja cha magofu, akarudi mjini kabla ya isha. Nizwa kwanza, kisha Tanuf, kisha Bahla, mwisho Jabrin. Huo ndio mpangilio niliopewa na mwenyeji wangu, na sasa naupendekeza kwa kila Mswahili atakayepita Maskati, iwe kwa kazi, kwa matibabu au kwa kumtembelea ndugu.

Mwenyeji wangu ni mzee aliyezaliwa Unguja Mjini. Alihamia Omani katika miaka ya 1970, Sultan Qaboos alipokwisha kushika nchi na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi kwao. Maskati imejaa watu wa namna yake. Ukipita Ruwi au Al Khuwair jioni, ukasikia harufu ya mishkaki, usishangae pia kusikia mama akimkaripia mtoto kwa Kiswahili cha Vuga. Mzee huyu ameshawapeleka wageni wengi bara, lakini husema wanaotoka Afrika Mashariki ndio huuliza maswali marefu.

"Umechukua maji?" aliniuliza mara tu baada ya shikamoo na marahaba. "Huko tuendako, mwanangu, jua halina upepo wa bahari wa kulipoza."

Barabara ni pana na lami yake safi. Ukishaiacha pwani, milima huanza kukukaribia kulia na kushoto, milima mikavu, ya rangi ya chuma kilichoshika kutu, isiyo na hata kichaka. Hii ndiyo njia ya Sumail, mwanya mkubwa unaoikata Hajar na kuiunganisha pwani na bara. Wanajiolojia huja hapa kutoka pande zote za dunia, kwa kuwa mawe haya yalikuwa sakafu ya bahari ya kale kabla ya kusukumwa juu. Wanahistoria nao wana lao: misafara yote kati ya Maskati na Nizwa ilipita hapa, na aliyeushika mwanya huu alishika koo la biashara. Sumail pia ni kwao Mazin bin Ghadhuba, ambaye Waomani humhesabu kuwa mwenzao wa kwanza kusilimu, Mtume akiwa hai. Minara midogo ya walinzi imesimama juu ya vilele, mmoja baada ya mwingine. Ukiwaza jinsi mawe yalivyopandishwa huko juu, unajua kwamba njia hii ilikuwa na thamani.

Kabla ya ngome, mzee alinipeleka kwenye maji. Nje kidogo ya mji wa Nizwa kuna Falaj Daris, mfereji unaohesabiwa kuwa mkubwa kuliko yote nchini Omani. Ni mmoja wa mifereji mitano iliyoandikwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji hutoka chini ya ardhi, kwenye kisima mama kilichochimbwa mbali kuelekea mlimani, yakaletwa kwa mteremko mdogo mno ndani ya handaki, bila pampu na bila mnyama wa kuyavuta, hadi yanapotokeza juani na kugawanywa mashambani. Omani ina mifereji kama hii karibu 3,000 inayofanya kazi hadi leo.

Nilivua viatu nikatia miguu. Maji yalikuwa vuguvugu na angavu, na visamaki vidogo vikanizunguka vidole. Mwanamume mmoja alikuwa akitawadha pembeni, na watoto wawili wakiruka ndani na nguo zao.

Kilichonivutia zaidi ya maji yenyewe ni utaratibu wake. Kila shamba lina zamu, na zamu hupimwa kwa muda. Kipimo chao kimoja, athar, ni nusu saa. Mchana walikuwa wakisoma kivuli cha kijiti kilichosimikwa chini, usiku wakisoma kuzama na kuchomoza kwa nyota. Maji ya kunywa huchukuliwa kwanza, juu kabisa ya mfereji. Yakishapita msikitini na mahali pa kuogea ndipo yaende kwenye mitende. Zamu huweza kuuzwa, kukodishwa, kurithiwa, hata kuwekwa wakfu kwa ajili ya msikiti. Niliona hapo kwamba utawala wa nchi hii haukuanzia kwenye mizinga. Watu walioweza kukubaliana juu ya nusu saa ya maji, kizazi baada ya kizazi, walikuwa tayari na serikali kabla hawajajenga ngome.

Ngome ya Nizwa inaonekana kwa mbali, rangi yake ni ile ya udongo wa mji wote. Mnara wake wa mviringo umekaa katikati kama kinu kilichofunikwa na mchanga hadi kiunoni. Mnene, mfupi kuliko nilivyotazamia, na mzito kwa namna ambayo picha haziwezi kuonyesha. Aliyeujenga ni Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi, na ujenzi ulichukua miaka 12 katikati ya karne ya 17.

Huyu ndiye baba katika kisa chetu. Mtangulizi wake, Nasir bin Murshid, alichaguliwa kuwa Imamu, yaani mkuu wa nchi na wa dini, mwaka 1624, akaanza kuyaunganisha makabila ya Omani. Sultan bin Saif aliikamilisha kazi hiyo mwaka 1650 alipowafukuza Wareno kutoka Maskati, mji walioushika kwa karibu miaka 150. Habari hizo zilifika upesi Afrika Mashariki. Watu wa Mombasa walimpelekea ujumbe wa kuomba msaada, na mwaka 1652 merikebu zake zilikuwa Unguja zikiwashambulia Wareno. Baadaye vikosi vyake viliingia Mombasa yenyewe, vikauteka mji, ila Fort Jesus ikabaki mikononi mwa Mreno. Mwaka 1668 alivamia Diu, kule India. Mali iliyopatikana katika vita ndiyo, kwa masimulizi ya Waomani, iliyojenga mnara huu.

Sehemu ya chini ya mnara imejazwa mawe na udongo. Ni jabali la kutengenezwa na mikono, na wajenzi walijua walichokuwa wakifanya: mzinga wa adui ukipiga chini haukuti chumba wala ngazi, unakuta uzito mtupu. Juu kuna uwanja wa duara wenye matundu 24 ya mizinga, yaliyopangwa kuzunguka pande zote, hivyo hakuna upande wa kuujia mnara bila kuonekana.

Njia ya kufika huko ndiyo inayofundisha vita vya zama zile. Ngazi ni nyembamba na zina kona kali, hazikuruhusu watu wawili kupanda sambamba wala kubeba gogo la kuvunjia mlango. Kila kona ina mlango mnene wa mbao, na juu ya kila mlango kuna tundu la kumwagia mafuta au asali ya tende iliyochemshwa. Mbele ya milango kuna mashimo yaliyofunikwa mbao. Wakati wa amani mbao hukaa, wakati wa hatari huondolewa, na anayekimbia gizani hutumbukia. Mzee alisimama kando ya shimo moja, sasa limewekewa kinga ili wageni wasianguke, akalitazama kwa muda.

"Asali ya tende haitoki mwilini," alisema. "Maji ya moto yanamwagika na kupita. Asali inang'ang'ania."

Ghala la tende liko chini, chumba cha giza chenye sakafu ya matuta na vijia. Magunia yalipangwa hadi karibu na dari. Uzito wa yale ya juu ukayakamua ya chini, na asali ikatiririka kwenye vijia hadi kwenye mtungi. Chakula, tiba na silaha vilitoka chumba kimoja. Ndani ya ngome kuna visima pia, kwa hiyo aliyezingirwa hakuhofu njaa wala kiu mapema.

Kwa juu, ukiegemea ukuta, unaona mitende imetanda hadi miguuni mwa milima, kijani kibichi kikikatika ghafla pale maji ya mfereji yanapokwisha. Upande wa kaskazini ni Jabal Akhdar. Katika miaka ya 1950 Nizwa ilikuwa makao ya Imamu Ghalib bin Ali, aliyepigana na Sultan Said bin Taimur wa Maskati, na Julai 1957 ndege za Uingereza, zikimsaidia Sultan, ziliirushia ngome hii roketi. Mji uliangukia upande wa Sultan mwezi uliofuata, na mapigano yakaendelea mlimani hadi Januari 1959. Mnara ungali upo.

Sokoni chini ya ngome tulikunywa kahawa ya iliki na kula tende za khalas. Muuza halua alituonjesha ya zafarani kutoka sufuria la shaba, na kwa ladha ile ningeapa niko Forodhani. Soko la mbuzi la Nizwa, maarufu kote Ghuba, huwa Ijumaa asubuhi. Sisi tulikwenda Jumamosi kwa makusudi, kwani Ijumaa saa za kufungua ngome huwa chache, na hutaweza kumaliza safari hii yote.

Tanuf iko kilomita 20 hivi kutoka Nizwa, chini kabisa ya mlima. Ni kuta tu. Nyumba za udongo zilizosimama bila dari, milango isiyoingiza popote, ngazi zinazoishia hewani. Kijiji hiki kilikuwa makao ya Suleiman bin Himyar, sheikh wa Bani Riyam, aliyekuwa upande wa Imamu, na kilibomolewa kwa mabomu katika vita hivyohivyo vya miaka ya 1950. Hakikujengwa tena, watu wamejenga Tanuf mpya kando yake. Hapa pia ndipo Uimamu ulipofufuliwa mwaka 1913, wanazuoni walipomchagua Salim bin Rashid al-Kharusi. Hakuna mengi ya kuona, na sidhani inafaa kukaa muda mrefu. Lakini nilifurahi tumesimama. Ngome zilizotengenezwa vizuri humfanya mtu asahau kwamba vita vilikuwa vya kweli, na Tanuf humkumbusha.

Bahla ni jambo jingine kabisa. Kutoka Nizwa ni kama kilomita 40, na unapoukaribia mji unaanza kuona ukuta, ukapita, ukauona tena mbali kabisa juu ya kilima. Ukuta wa kale wa Bahla ulizunguka mji mzima, makazi na mashamba, kwa kilomita 12 au zaidi, wote wa matofali ya udongo. Sehemu nyingi zimeyeyuka kwa mvua za karne nyingi, nyingine zingali juu ya kimo cha mtu. Katikati, juu ya mwinuko, imesimama ngome, nayo ni kubwa kiasi kwamba unaitembea kwa muda mrefu na bado hujui umefika upande gani.

UNESCO iliiandika Bahla mwaka 1987, ikiwa ya kwanza nchini Omani kupata hadhi hiyo. Mwaka mmoja tu baadaye ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, maana udongo ulikuwa ukiporomoka kila msimu wa mvua. Matengenezo yaliendelea kwa miaka mingi, ikaondolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2004, na wageni wakaanza kuingia mwaka 2012. Ndani ni patupu. Hakuna samani, wala maelezo mengi. Vyumba vinafuatana na vyumba, nyua na nyua, ngazi zinapanda hadi kwenye paa lisilo na kinga ya kutosha kwa mwenye kizunguzungu. Wapo wanaolalamika juu ya utupu huo. Mimi niliupenda. Nizwa inakueleza kila kitu, Bahla inakuacha usikilize hatua zako.

Ngome hii ni kazi ya Nabahani, ukoo ulioitawala sehemu hii ya Omani tangu karne ya 12 hadi mwisho wa karne ya 15. Mswahili akilisikia jina hilo lazima asimame. Masultani wa Pate walikuwa Nabahani. Habari za Pate, kama zilivyopokewa kisiwani, zinasema kwamba Suleiman bin Suleiman wa Nabahani alifika huko mwanzoni mwa karne ya 13 baada ya kupoteza ufalme wake Uarabuni, akaoa binti wa mtawala wa Pate na kurithi nchi. Wanahistoria wa leo wanaitilia shaka tarehe hiyo, na wengine huisogeza mbele kwa karne kadhaa. Ila ukoo wenyewe haupingwi. Ulitawala Pate, ukahamia Witu katika karne ya 19, na jina lake limeendelea hadi kwa mwanazuoni na mshairi wetu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Matondoni, Lamu, mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017. Nilisimama kwenye paa la Bahla, upepo mkavu ukinipiga usoni, nikifikiri juu ya magofu mengine, yale ya Pate yaliyozungukwa na mashamba ya tumbaku. Wenye Bahla na wenye Pate walijihesabu kuwa ndugu.

Waomani wenyewe huizungumzia Bahla kwa sauti ya chini. Mji huu una sifa ya uganga na majini nchini kote, kama Pemba ilivyo na sifa hiyo kwetu. Hadithi zinasema zamani mti mmoja sokoni ulifungwa minyororo ili majini wasiuchukue. Mzee aliyasimulia hayo akitafuta kivuli cha kuegesha gari, kisha akaniambia kwamba sifa ya kweli ya Bahla ni vyungu. Wafinyanzi wake wanajulikana tangu zamani, na udongo wa hapa ni ule uleule uliojenga ukuta. Tulinunua mtungi mdogo wa maji, kazi safi, mdomo wake umekatwa bila kosa.

Upande wa kusini, si mbali na hapo, kuna Salut, ngome ya Zama za Chuma ambayo wachimbaji wa Italia wameifukua, na ambayo mwanzo wake unarudi hadi karibu mwaka 1300 kabla ya Kristo. Kwingine kuna makaburi ya mawe ya Bat na al-Ayn, ya milenia ya tatu kabla ya Kristo. Hayo yanataka siku yake. Jua lilikuwa limeshaanza kuteremka, na Jabrin ilikuwa inatungoja.

Kasri la Jabrin limesimama peke yake kwenye tambarare, mitende nyuma yake. Kwa nje ni boma la mstatili, lenye minara miwili ya mizinga, halina tabasamu. Ndani ni nyumba nzuri kuliko zote nilizopata kuingia.

Aliyeijenga ni Bil'arab, mwana wa yule Sultan bin Saif wa Nizwa, karibu mwaka 1670, baba yake angali hai. Baba alijenga kwa ajili ya vita. Mwana alijenga kwa ajili ya kuishi, kusoma na kupokea wageni, ingawa hakusahau ulinzi. Dari za vyumba vya juu ni za mbao zilizochorwa maua na mizabibu kwa rangi nyekundu na nyeusi, rangi ambazo zingali zinaonekana baada ya zaidi ya miaka 300. Juu ya matao ya ngazi kuna maandishi yaliyochongwa kwenye chokaa, aya na mashairi, hivyo kupanda kutoka ghorofa moja hadi nyingine ni kusoma. Ghala la tende liko chini, na vijia vyake vya asali. Mfereji wa maji uliletwa hadi ndani ya kasri.

Chumba cha Jua na Mwezi ndicho kilichonishika. Kina madirisha 14, saba chini karibu na sakafu na saba juu karibu na dari. Hewa nzito ya baridi huingia kwa ya chini, joto hupanda na kutokea kwa ya juu. Nilikaa sakafuni chini ya dirisha moja na nikausikia upepo ukinipita shingoni, ilhali nje mawe yalikuwa hayashikiki. Nimekaa katika ofisi nyingi za Mombasa zilizojengwa kwa vioo, ambako umeme ukikatika hakuna anayeweza kupumua. Wasanifu wetu wangepaswa kuletwa hapa wakae saa moja.

Katika chumba kingine cha mikutano, sakafu ina sehemu za siri ambako askari walijificha wakati Imamu akizungumza na wageni asiowaamini. Ghorofani kuna chumba kinachosemekana kuwa cha farasi wa Imamu, juu kabisa ya ngazi, ili awe karibu naye siku ya hatari. Na kwenye paa kuna vyumba vya madrasa. Bil'arab aliwakusanya hapa wanafunzi wa fiqhi, lugha na mashairi, akawalisha na kuwalaza, na wanazuoni waliotoka Jabrin walitawanyika Omani nzima. Nilikaa kwa muda katika mojawapo ya vyumba hivyo, nikitazama dirisha linalofungukia mitende. Mwanafunzi yeyote angetamani.

Lakini kasri hili lina huzuni yake, nayo iko chini, upande wa mlangoni. Ni kaburi la Bil'arab mwenyewe. Baba yake alipofariki mwaka 1679 yeye ndiye aliyefuata kuwa Imamu, na hapo ndipo lilipo tatizo: katika madhehebu ya Ibadhi Imamu huchaguliwa na wanazuoni kwa sifa zake, harithi kiti cha babake. Ukoo wa Yaarubi uliugeuza Uimamu kuwa ufalme polepole, na ufalme huleta ugomvi wa ndugu. Nduguye Saif alidai nafasi hiyo, akakusanya watu, akaja kumzingira hapahapa Jabrin. Bil'arab alifariki ndani ya kasri lake karibu mwaka 1692. Waomani husimulia kwamba alipoona damu ya watu wake inamwagika alimwomba Mungu amchukue, na akachukuliwa.

"Na huyo nduguye?" nilimuuliza mzee, ingawa jibu nilikuwa nalijua.

"Huyo ndiye alikuja kwenu."

Saif bin Sultan, aliyepewa jina la Qaid al-Ardh, ndiye aliyepeleka merikebu Mombasa mwaka 1696 na kuichukua Fort Jesus mwaka 1698. Yaani, miaka michache tu baada ya kuizingira nyumba ya kakake, aliizingira ya Mreno. Alichokishindwa baba, mwana akakipata. Baada ya hapo Waomani walijenga Ngome Kongwe ya Unguja, na mengine yakafuata: magavana wa Omani, ukoo wa Busaidi, Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, karafuu.

Na watumwa. Hili lazima lisemwe ukiwa Dakhiliya, chini ya mitende, maana ndipo linapostahili kusemwa. Saif alipanda mitende mingi, akafufua mifereji, akaunda merikebu, na sehemu ya mikono iliyozifanya kazi hizo ilikuwa ya watu waliochukuliwa kwa nguvu kutoka Afrika Mashariki. Utumwa ulipigwa marufuku Omani mwaka 1970. Katika vyumba nilivyopita siku ile nilisoma mengi juu ya Maimamu, mizinga na tende, na juu ya watu hao sikusoma kitu. Mzee alikubaliana nami bila kusita. Alisema kule Shamba, Unguja, babu yake mwenyewe aliwahi kuwa na watumwa, na kwamba jambo lisiposemwa na wenye nyumba litasemwa na jirani.

Tulirudi Maskati gizani, taa za minara ya Sumail zikiwaka juu ya vilele. Saif amezikwa Rustaq, upande wa pili wa mlima, ambako kuna ngome nyingine, na Hazm iliyojengwa na mwanawe iko karibu nayo. Kwa anayetaka kuendelea, hiyo ni safari ya siku ya pili.

Kwa anayepanga ya kwanza: nenda kati ya Novemba na Machi, kwa sababu kiangazi joto hupita nyuzi 40. Funika mabega na magoti, beba maji zaidi ya unavyodhani, na iache Jabrin iwe ya mwisho hata ukishawishiwa vinginevyo. Nizwa bila Jabrin ni nusu ya ukoo.

Walimu wetu wa historia, na waongoza wageni wa Fort Jesus na Ngome Kongwe, nawaomba jambo moja. Mnapofika kwenye 1698, msiseme tu kwamba Waomani walikuja. Watajieni watoto Sultan bin Saif na wanawe wawili, mmoja aliyejenga madrasa na mmoja aliyejenga dola, na waambieni ni akina nani waliochimba mifereji na kupanda mitende yao. Majina ya Maimamu hao watatu yanafahamika, na majengo yao yako wazi kwa mgeni yeyote mwenye siku moja ya nafasi.